Maji Meupe Hayabebi

Pita barabara ya Mikumi kwenda Ifakara mwezi wa Agosti, usimame karibu na kijiji cha Sanje. Vumbi limekaa juu ya majani ya miwa, mvua imekwisha kitambo, lakini ukiinua macho kwenye msitu wa mlimani utauona mstari mweupe wa maji ukiendelea kuanguka kana kwamba huko juu bado ni masika. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Yanashuka zaidi ya mita 170 kwa ngazi tatu, na maji yamejichimbia madimbwi miambani. Wengi wanaopanda hupandia hayo madimbwi. Mimi kazi yangu ni maji, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama kuoga pale ni salama. Kulijibu vizuri, lazima nianzie baharini.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huja na unyevu mwingi. Ukifika Udzungwa hukuta ukuta: mlima unapanda kutoka mita 250 hivi bondeni Kilombero hadi mita 2,576 kilele cha Luhombero. Hewa hulazimika kupanda, inapoa, na kuumwaga unyevu wake upande wa mashariki, ambako mvua hufika takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Vuka upande wa magharibi, utakuta miombo mikavu. Mvua ile haigongi ardhi moja kwa moja. Hupokewa na majani, ikateremka kwenye mashina, ikazama katika tabaka la majani yaliyooza na mizizi, kisha ikasafiri polepole chini ya udongo hadi kwenye chemchemi. Kwa hiyo maji unayoogea Agosti huenda yalinyesha Aprili, au miaka kadhaa iliyopita. Msitu ndio ghala lake. Na Udzungwa kuna neema ambayo Afrika Mashariki ni adimu: msitu usiokatika, kutoka bondeni hadi zaidi ya mita 2,000.

Lakini ghala likijaa, haliwezi kupokea tena. Katikati ya masika udongo umeshiba, na mvua kubwa ikinyesha juu, maji hukimbilia mtoni mara moja. Wewe uko dimbwini, jua linawaka, wala tone halijakuangukia, kumbe kilomita kadhaa juu yako mawingu yamepasuka. Dalili ni tatu: maji yaliyokuwa maangavu yanageuka rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani mabichi vinaanza kushuka, na sauti ya maporomoko inakuwa nzito. Ukiiona hata moja, toka na upande juu ya kingo. Viatu na simu utavikumbuka baadaye.

Sasa dimbwi lenyewe. Maji yanayoanguka kutoka juu huingia na hewa nyingi, ndiyo maana chini ya maporomoko pana povu jeupe linalochemka. Watu huvutiwa na weupe ule wakautaka kwa karibu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwili huelea kwa sababu maji yana uzito wa kuubeba. Yakishachanganyika na mapovu, uzito huo hupungua, na muogeleaji hodari hujikuta anazama huku akipiga mikono. Isitoshe, maji yaliyozamishwa na nguvu ya anguko huibukia mbele kidogo, na sehemu yake hurudi nyuma kuelekea mwambani. Mkondo huo wa kurudi humvuta mtu chini ya anguko tena na tena. Kwa hiyo kaa mbali na weupe. Ogea kwenye mkia wa dimbwi, pale maji yanapotulia na mawe ya chini yanaonekana, ila usiukaribie ukingo yanapomwagikia ngazi inayofuata.

Usirukie. Kila masika huleta magogo na mawe mapya, na kina ulichokipima mwaka jana si cha mwaka huu. Maji pia ni ya baridi kuliko joto la bondeni linavyokudanganya. Ukijitupa ghafla, pumzi hukatika na unaweza kuvuta maji. Ingia polepole, lowesha kifua na shingo kwanza. Mawe yenye utando wa kijani yakanyage kama unavyokanyaga sabuni.

Kichocho? Konokono wake hupenda maji ya vuguvugu yaliyotulia, yenye magugu. Mimi huogopa zaidi mifereji ya bondeni kuliko mto baridi unaokimbia ndani ya msitu.

Liko jambo jingine ninaloliomba kwa dhati: acha sabuni nyumbani, na mafuta ya ngozi yapake baada ya kuoga. Vyura hupumua pia kwa ngozi, na milima hii ina vyura wasiopatikana kwingine duniani. Kusini-magharibi zaidi, kwenye ukingo huohuo wa Udzungwa, chura mdogo wa Kihansi aliishi kwa manyunyu ya maporomoko tu, katika eneo la hekta chache. Alijulikana kwa sayansi mwaka 1996. Maji yalipogeuzwa kwenda kuzalisha umeme, manyunyu yalipungua, kuvu wakaja, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wamehifadhiwa Marekani ndio waliowezesha kumrudisha kuanzia 2012. Spishi nzima ilitegemea unyevu unaokulowesha uso ukisimama kutazama.

Ndani ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1992, watalii hutembea kwa miguu, na mwongozaji hukuongoza kwenye njia. Mwulize mto ulikuwaje jana. Njiani nyamazeni kidogo. Mangabe wa Sanje, kima aliyetambuliwa na wanasayansi hapahapa mwaka 1979, husikika kabla ya kuonekana.

Mkishuka, mtafuata maji yaleyale mliyoogea. Yatawatangulia kufika kijijini, ambako jioni watu wanateka kwa ndoo, wanapika ugali, wanamwogesha mtoto.