Namba ya Kitambulisho na Namba ya Siri

Wizi wa kawaida huacha dalili: ng'ombe hayumo zizini, au gunia halimo ghalani. Wizi wa utambulisho hauna dalili hiyo. Mwizi huchukua jina, namba na alama za mtu, naye mwenyewe hubaki navyo vyote kana kwamba hakuna kilichotokea. Habari humfikia baadaye sana, pengine kwa njia ya polisi.

Ili kuuelewa wizi huu yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kujitambulisha ni kusema wewe ni nani. Kuthibitisha ni kuonyesha kwamba ndiwe kweli. Namba inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ni ya kujitambulisha. Huandikwa benki, ofisini, hata katika daftari la nyumba ya wageni, kwa hiyo haiwezi kuwa siri. Kinachothibitisha ni kitu kingine, yaani namba ya siri iliyomo kichwani mwa mtu mmoja tu, au kidole chake.

Sasa tuitazame namba hiyo kwa jicho la hesabu. Ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1979 namba yake huanza na 19790314. Tuchukue kwamba namba yake ya siri ya kutolea fedha kwa simu ina tarakimu 4. Tarakimu hizo zaweza kupangwa kwa namna 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi akiruhusiwa kubahatisha mara tatu kabla huduma haijafungwa, ana nafasi 3 tu katika 10,000. Lakini ikiwa mwenye simu alichagua tarehe au mwaka wake wa kuzaliwa, mwizi atajaribu 1979, kisha 1403, kisha 0314. Zote tatu amezisoma katika daftari la nyumba ya wageni.

Je, kidole nacho? Tangu Mei 2019 laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Mteja huweka kidole juu ya kifaa cha wakala, na alama hiyo hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa NIDA. Utaratibu huu ni mzuri, ila udhaifu wake uko kwenye meza ya wakala. Tuchukue mfano wa mkulima wa viazi wa Mdandu, katika Wilaya ya Wanging'ombe, aliyekwenda kusajili laini moja. Akiweka kidole mara ya kwanza, kazi imekwisha. Wakala asiye mwaminifu humwambia, "Baba, haijasoma, weka tena." Mkulima hashuku neno, kwa kuwa jembe limevisugua vidole vyake na mara nyingi mashine hushindwa kweli kuvisoma. Safari hii ya pili husajili laini nyingine asiyoijua, ambayo huuzwa kwa matapeli. Nayo itakapotuma ule ujumbe maarufu, "Ile hela tuma kwenye namba hii," jina litakaloonekana katika uchunguzi ni la mkulima wa Mdandu.

Tena, namba ya siri iliyofichuka hubadilishwa kwa dakika moja, bali kidole hakibadilishwi. Mwaka 2008 Chaos Computer Club, chama cha wajuzi wa kompyuta cha Ujerumani, kilichapisha alama ya kidole cha Wolfgang Schäuble, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa nchi hiyo. Alama hiyo ilichukuliwa kwenye bilauri aliyonywea maji. Ndiyo sababu siafiki kidole kiwe uthibitisho pekee.

Iko pia hila ya kuhamisha laini. Mwizi mwenye jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa hujifanya amepoteza simu, akapewa kadi mpya yenye namba yako. Papo hapo simu yako hunyamaza, na namba za uthibitisho zinazotumwa na benki humfikia yeye. Katika nchi ya vilima mtu hudhani ni mtandao tu uliopotea. Hebu amtazame jirani: ikiwa simu yake, ya kampuni ile ile, inapokea, hapana budi kuiarifu kampuni upesi.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kutumia kompyuta kujifanya mtu mwingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazibana ofisi zinazokusanya habari za watu. Hata hivyo sheria haimjulishi mkulima kwamba ana laini asiyoijua. Hilo hujulikana kwa kupiga *106# na kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho. Hutumia dakika chache, na mwanafunzi aliye likizo aweza kuwafanyia wazee wa nyumbani, wao wenyewe wakiwapo. Laini isiyotambulika ipelekewe kampuni husika ifutwe, na ujumbe wa kitapeli uarifiwe kwa namba 15040.