Usiku Oakland Ilipomzomea Mwenye Timu

Machi 19, 2012, Oakland, California. Golden State Warriors, timu ya kikapu ya NBA, wanaistaafisha jezi namba 17 ya Chris Mullin, kipenzi cha mashabiki wa timu hiyo. Wakati wa mapumziko Joe Lacob, aliyeinunua timu pamoja na wenzake mwaka 2010 kwa dola milioni 450, anashika kipaza sauti. Uwanja mzima unamzomea. Mullin anamsogelea na kuwaomba watu watulie, wapi. Rick Barry, shujaa wa ubingwa wa 1975, anasimama kuwakaripia, na ndiyo kwanza kelele zinapanda.

Siku sita kabla, timu ya Lacob ilikuwa imempeleka Monta Ellis Milwaukee.

Siwalaumu waliozomea. Ellis alichukuliwa namba 40 kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, mwaka 2005 akitoka moja kwa moja sekondari. Alikuwemo kwenye kikosi cha 2007 kilichoing'oa Dallas, timu iliyokuwa imeongoza ligi nzima, katika raundi ya kwanza ya mtoano. Msimu wa 2010–11 wastani wake ulikuwa pointi 24 kwa mchezo. Katika miaka ya dhiki, watu walikata tiketi kwa ajili yake. Aliyebakizwa, Stephen Curry, alikuwa na vifundo vya mguu visivyoaminika. Alipasuliwa mguu wa kulia Mei 2011, akacheza michezo 26 tu kati ya 66 ya msimu uliofuata, na Aprili 2012 akarudi tena kwenye kisu. Andrew Bogut, jitu la futi saba kutoka Australia lililoletwa badala ya Ellis, naye enka yake ilikuwa imevunjika. Yaani mfungaji kaondoka, na wawili walioachiwa timu hakuna anayeweza hata kuruka.

Kila nikisikia vijana wakibishana nani ajengewe timu, akili yangu inarudi Oakland. Ubishi huwa ni wa pointi: fulani anafunga 30, fulani 27. Mimi huuliza jambo jingine kwanza. Huyu mtu akiingia uwanjani, wenzake wanne kazi yao inakuwa nyepesi au nzito?

Ellis na Curry wote walikuwa wafupi kwa kipimo cha NBA, na ukiwapanga pamoja wapinzani wanajua pa kupitia. Ellis mwenyewe alisema hadharani mwaka 2009 kwamba wawili hao hawawezi kucheza pamoja, na alikuwa sahihi. Ilibidi mmoja aondoke. Ila Ellis, ili awe Ellis, alihitaji mpira mkononi. Curry anakuumiza hata akiwa hana mpira.

Tazama mkanda wa mchezo wowote wa miaka yake mizuri. Curry anampa mwenzake mpira, kisha anakata mbio kuuzunguka mstari wa pointi tatu. Bogut amejisimika njiani kama nguzo. Mlinzi wa Curry anamgonga kifuani na kupoteza hatua mbili. Mlinzi wa Bogut anaona hatari, anatoka kuziba. Sasa watu wawili wanamkimbiza mmoja, mita nane kutoka kikapuni. Curry anarudishiwa mpira na kuuachia papo hapo kwa Draymond Green, aliyefunguka katikati. Green anainua kichwa: wao wanne, walinzi watatu. Pasi inakwenda kona kwa Klay Thompson, ambaye hana mtu mbele yake. Kwenye karatasi ya takwimu asisti ni ya Green na pointi tatu ni za Thompson. Jina la Curry halimo kabisa.

Thompson, mrefu wa mita 1.98, ndiye aliyerithi nafasi ya Ellis. Green alichukuliwa kiangazi hichohicho cha 2012, namba 35.

Drafti iliyomleta Curry, ya mwaka 2009, sisi Watanzania tunaikumbuka kwa sababu nyingine. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliitwa wa pili, na Memphis Grizzlies; Curry aliitwa wa saba. Watu hulisimulia jambo hili kama fedheha ya Thabeet, na huniuma kulisikia. Kijana aliyeanza kikapu akiwa amekwisha kubalehe alipelekwa timu iliyokuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile. Kabla ya msimu wa kwanza kuisha alishushwa ligi ya maendeleo, na Februari 2011 akahamishiwa Houston. Curry msimu huohuo wa kwanza alicheza michezo 80. Memphis walichagua urefu, kisha hawakuupa mahali pa kukua. Pale Uwanja wa Ndani wa Taifa tulikuwa na ndoto kubwa mno na mtoto yule, na bado naamini alistahili subira zaidi ya aliyopewa.

Bahati nayo ina sehemu yake, na tusiifiche. Mwezi uleule Curry alipolala tena kwenye meza ya upasuaji, Derrick Rose, mchezaji bora wa ligi wa 2011 akiwa na miaka 22 tu, alichanika goti kule Chicago. Chicago hawakuwa wamekosea kumjengea timu. Goti lilikataa, basi. Enka ya Curry ingeweza kukataa vilevile.

Hofu hiyo ndiyo iliyoushusha mkataba wake. Oktoba 31, 2012 alikubali dola milioni 44 kwa miaka minne, bei ya mtu ambaye hakuna aliye na uhakika naye. Akapona, akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, na mshahara ukabaki uleule. Hata msimu wa 2016–17 alikuwa wa nne kwa malipo ndani ya timu yake mwenyewe. Fedha zilizobaki zilipata kazi: mwaka 2013 wakamleta Andre Iguodala.

Juni 2015 Warriors walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu ule wa Barry, miaka 40 ilikuwa imepita. Katika fainali Cleveland walikuwa wamewatuma watu wawili wawili kumbana Curry, na aliyekuwa akiachwa peke yake mara kwa mara ni Iguodala, ambaye msimu mzima wa kawaida hakuanza hata mchezo mmoja. Alifunga, akamkaba nyota wa Cleveland, LeBron James, usiku baada ya usiku. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilipotangazwa, aliyeinuka kuipokea alikuwa yeye.