Dawa Rahisi, Siku Ghali

Dawa za pepopunda si ghali. Diazepamu utaikuta hata kwenye kituo cha afya, salfeti ya magnesiamu hukaa wodi ya wazazi kwa ajili ya kifafa cha mimba, na metronidazoli inauzwa katika kila duka la dawa. Hata hivyo, kati ya wagonjwa wa maambukizi, ni wachache wanaomaliza fedha za hospitali na mifugo ya ukoo kama mwenye pepopunda kali. Ukijua kwa nini iko hivyo, umejua sehemu kubwa ya uchumi wa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) katika nchi zenye kipato kama chetu.

Tuseme ni mkulima wa Hirbadaw, Hanang, mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliyejikata kwa jembe wakati wa palizi. Kidonda kimeshafunga, hakikumbuki tena. Wiki moja au mbili baadaye taya linakaza, hawezi kumeza, mgongo unapinda. Safari ya kawaida kwa watu wa upande huo ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway na ambayo sasa iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Anapofika huko, sehemu kubwa ya madhara imekwishafanyika. Seramu ya pepopunda hunasa sumu iliyo bado kwenye damu tu. Ile iliyokwisha kuingia ndani ya neva haing'oki kwa dawa yoyote tuliyo nayo. Mwili hauna budi kujitengenezea upya miisho ya neva, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi nne au zaidi.

Kwa hiyo hospitali haimponyi mtu huyu kwa maana tuliyoizoea. Inamshikilia asife mpaka mwili wake umalize kazi. Mikakamao ikibana koo na mbavu, atatobolewa koromeo na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Atalishwa kwa mpira, atageuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo, atanyonywa makohozi usiku na mchana, na shinikizo la damu litapanda na kushuka bila taarifa. Mwaka 2006 watafiti wa Vietnam, nchi yenye uzoefu mkubwa wa pepopunda, walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa magnesiamu kwa njia ya dripu. Dawa nyingine za kutuliza zilihitajika kidogo zaidi, lakini mashine ya kupumulia ilibaki kuhitajika vilevile. Dawa ya bei nafuu haikufupisha siku, na siku ndizo zinazolipiwa.

Siku hizo zinalipiwa nini hasa? Watu hudhani ni mashine. Mashine hununuliwa mara moja, tena mara nyingi kwa fedha za mfadhili, kwa sherehe na utepe. Gharama isiyokoma ni ya binadamu. Mwaka una saa 8,760. Muuguzi mmoja, ukiondoa likizo, ugonjwa, uzazi na mafunzo, hubaki na saa kama 1,800 za kazi. Gawanya, utapata karibu wauguzi watano ili kitanda kimoja tu cha ICU kiwe na muuguzi wake muda wote. Vitanda vinne ni wauguzi ishirini, na hapo hujamhesabu daktari wa usingizi, mtaalamu wa kutengeneza vifaa tiba, maabara inayofanya kazi saa nane za usiku, wala jenereta umeme unapokatika.

Kenya walifanya hesabu ya namna hii wakati wa UVIKO-19. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021, mgonjwa mahututi aliyelazwa ICU aligharimu shilingi 63,243 za Kenya kwa siku, karibu dola 600. Mgonjwa mwenye hali mbaya aliyetibiwa wodi ya kawaida aligharimu shilingi 13,137, zaidi kidogo ya moja ya tano ya kiasi hicho. Hiyo si bei ya Haydom wala ya pepopunda, na ndani yake kuna mavazi ya kujikinga ambayo mgonjwa wetu hayahitaji. Lakini hebu zidisha dola 600 kwa siku ishirini na moja. Na mwisho wa gharama hizo hakuna uhakika: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu ICU za hospitali kubwa nne za rufaa hapa Tanzania, yaani Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya, ulikuta kwamba takriban wagonjwa wanne katika kila kumi walifariki.

Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba ICU ni anasa ya matajiri, au kinyume chake, kwamba kila wilaya inunuliwe mashine za kupumulia. Sikubaliani na upande wowote. Mgonjwa wa pepopunda kali kweli hana mbadala wa ICU, na lazima iwepo mahali panapofikika. Ila wagonjwa wengi wanaokufa kwa nimonia, malaria kali au maambukizi yaliyosambaa kwenye damu hawafi kwa kukosa mashine ya kupumulia. Wanakufa wodini, wakiwa wameshafika hospitali, kwa kukosa vitu vya chini ya hapo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha karibu wagonjwa 20,000 katika nchi 22 za Afrika, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Zaidi ya theluthi mbili ya hao mahututi walikuwa wodi za kawaida, na mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Wengi wao hawakuwa wakipata hata matibabu ya msingi, kama oksijeni kwa aliyeishiwa pumzi.

Oksijeni ina ushahidi wake wa fedha, na unatoka mbali kidogo: Papua New Guinea. Hospitali tano za huko zilipewa mashine za kuzalisha oksijeni na vile vipimo vidogo vya kubana kidoleni, na wauguzi wakafundishwa kuvitumia. Vifo vya watoto wenye nimonia vilishuka kutoka karibu 5 katika kila 100 hadi kama 3.2. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2008, kila mtoto aliyetibiwa aligharimu dola 51. Kwetu pia kuna miinuko: nyanda za Mbulu na Hanang ziko juu, hewa yake ni nyepesi, na mtoto wa nimonia huku huishiwa oksijeni mapema kuliko mwenzake wa Tanga.

Nimeitaja Tanga kwa sababu nyingine pia. Hospitali ya Teule, Muheza mkoani Tanga, ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema watoto kama hao wamwagiwe dripu haraka haraka. Matokeo ya mwaka 2011 yaliwashtua madaktari wengi: waliopewa dripu ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, kama 10.6 katika kila 100, kuliko wasiopewa, 7.3. Zambia nao, katika utafiti wa mwaka 2017 kwa watu wazima, walipata picha inayofanana. Tiba iliyobuniwa pale ambapo ICU iko mlango wa pili inaweza kuua pale ambapo haipo. Huduma ya bei nafuu inahitaji utafiti wake yenyewe; si ICU iliyopunguzwa vipande.

Kuna bili ya pili isiyoandikwa popote. Mgonjwa akilazwa Haydom mwezi mzima, kuna ndugu anayepika, anayefua na kulala huko mwezi mzima, na shamba lake limesimama. Ng'ombe anauzwa mnadani siku ambayo fedha inatakiwa, si siku ambayo bei ni nzuri, na wanunuzi wanajua. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, imewasaidia wengi kwa matibabu ya kawaida. Lakini mfuko unaochangiwa shilingi 5,000 kwa kichwa hauwezi kubeba wiki tatu za mashine ya kupumulia bila ruzuku, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa hasa kwenye bili za namna hii.

Mkopo wa IMF wa mwaka 2021, ule wa shilingi trilioni 1.3, ulileta majengo ya ICU na mitambo ya oksijeni sehemu nyingi nchini. Ni hatua kubwa. Ila mkopo hauajiri muuguzi wa zamu ya usiku mwaka hadi mwaka, wala haununui vipuri. Diwani anayepitia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri yake angeanza kwa kutafuta mistari miwili: matengenezo ya mashine za oksijeni, na posho za zamu za usiku. Vifungu hivyo vikiwa sifuri, jengo jipya halitabadilisha idadi ya vifo.

Tumrudie mgonjwa wetu wa jembe, maana kosa lake lilitokea miaka mingi kabla ya palizi. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya watoto wachanga na wazazi, kazi ya kujivunia, iliyofanywa kwa sehemu kubwa kwa kuwachanja wajawazito kliniki. Mkewe huenda amechanjwa mara tano. Yeye, kama alichanjwa, alichanjwa akiwa mchanga, na kinga ile imeshapungua. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi sita hadi kufikia ujana, tatu za utotoni na tatu za kuongeza nguvu, kwa wasichana na wavulana. Wavulana hawana kliniki ya wajawazito ya kuwakumbusha. Wana shule, na wana zahanati wanakokwenda kufunga kidonda, mahali ambapo sindano ya kuongeza kinga ingeweza kutolewa siku hiyohiyo kwa gharama isiyofikia hata saa moja ya kitanda cha ICU.