Kisangani: Kipimo cha kidole peke yake hakilindi miguu ya mgonjwa wa sukari

Katika mtaa wa Kabondo, mjini Kisangani, kama kwingineko nchini, kipimo cha sukari kinachojulikana zaidi ni kile cha kutoboa kidole. Kinaonyesha sukari ya wakati ule tu. Mishipa ya fahamu ya miguu, yenyewe, huharibika polepole, kwa miezi na miaka.

Takriban nusu ya watu wenye ugonjwa wa sukari hupatwa na hali hiyo maishani. Huanza na ganzi, au miguu kuwaka moto usiku. Baadaye mguu hausikii tena. Mtu anakanyaga msumari na kuendelea kutembea. Kidonda kikioza, mguu unaweza kukatwa.

Ili kuona hatari mapema, waganga hutumia kipimo cha damu kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya 7%. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo hatari kwa mishipa inavyoongezeka. Mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi yakizidi, nayo ni onyo.

Lakini namba hiyo inaweza kudanganya. HbA1c hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Ugonjwa wa SS, na hata malaria, huziua mapema. Chembe changa hazijapata muda wa kubeba sukari, hivyo jibu linaonekana zuri kumbe sukari iko juu. Mwenye SS, aliyetoka kuugua malaria au kuongezewa damu amjulishe mganga kabla ya kupimwa.

Kipimo kingine ni cha vitamini B12. Metformin, dawa inayotumiwa sana kwa sukari ya aina ya pili, ikimezwa miaka mingi inaweza kuipunguza, na upungufu huo pia huharibu mishipa. B12 hupatikana katika samaki, nyama na mayai. Sombe peke yake haina. Hata hivyo, dawa isiachwe bila ushauri wa mganga.

Kinga nyingine haihitaji maabara: kukagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, kutotembea miguu mitupu, kupunguza lotoko, na kumwomba mganga apime hisia za miguu angalau mara 1 kwa mwaka. Kidonda kisichouma ndicho cha kukimbizwa hospitali.