Barua ya Macho Isitupotee

Wengi wetu chamani tuna mzazi, shangazi au rafiki mwenye kisukari, na baadhi yetu tunaishi nacho wenyewe. Kupima sukari na kuchoma insulini tunajua. Macho ndiyo tunayoyasahau, kwa kuwa hayaumi.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa huvuja au kuziba polepole huku mtu akiendelea kusoma vitabu vyake bila shida. Mara nyingi, akianza kuona madoa meusi au ukungu, ugonjwa umeshafika mbali.

Hapa Uingereza, wenye kisukari cha aina ya 1 au ya 2 waliofikisha miaka 12 huitwa kupigwa picha za retina bila malipo. Kupimwa miwani dukani hakuchukui nafasi ya picha hizo. Matone ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa, basi siku hiyo tusiendeshe gari. Hatari ikionekana mapema, kuna leza na sindano za kuokoa macho.

Lakini barua ya mwito hufuata anwani iliyoandikishwa kwa daktari, nasi wanafunzi huhama vyumba karibu kila mwaka. Tukihama, tumpe daktari anwani mpya kabla ya kuwapa wanaotuletea vifurushi. Na tukipiga simu nyumbani, baada ya kuulizia sukari, tuulize pia: macho yalipimwa lini?