Je, Wajua? Amiri Jeshi Mkuu Hashiki Mkoba

Je, wajua kwamba Katiba ya Marekani haimpi rais mamlaka ya kutangaza vita? Ibara ya kwanza, kifungu cha 8, inalikabidhi Bunge, yaani Kongresi, kazi hiyo. Ibara ya pili inamfanya rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Rais anaongoza mapigano, lakini kuamua kama yatakuwepo na nani atayalipia ni kazi ya wengine. Walioitunga Katiba hiyo Philadelphia mwaka 1787 walikuwa wametoka kupigana na mfalme, nao hawakutaka kumzaa mwingine.

Je, wajua kwamba rasimu ya awali ililipa Bunge shughuli nzima ya vita? Tarehe 17 Agosti 1787 James Madison na Elbridge Gerry walipendekeza Bunge libaki na kutangaza tu, ili nchi ikishambuliwa ghafla rais ajibu bila kusubiri wabunge wafike kwa farasi. Hoja ilikuwa ya busara. Lakini ni kupitia upenyo huo mdogo ambapo marais wengi wa baadaye wamepitisha majeshi mazima.

Je, wajua kwamba Katiba hiyohiyo inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kutengwa kwa zaidi ya miaka 2? Kila jenerali, awe mshindi au mshindwa, lazima serikali yake irudi bungeni kuomba.

Je, wajua kwamba Marekani imetangaza vita rasmi mara 11 tu, katika vita 5, na mara ya mwisho ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania? Korea, Vietnam, Afghanistan na Iraki zote zilipiganwa bila tangazo la vita. Kwa baadhi yake Bunge lilipitisha maazimio ya kuruhusu nguvu za kijeshi. Kwa Korea, mwaka 1950, halikupiga kura hata ya kuruhusu.

Je, wajua kwamba nahodha mmoja wa jeshi la majini alitozwa fidia kwa kutii amri ya rais? Kisa hiki kinastahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1799 Marekani ilikuwa ikizozana na Ufaransa baharini. Bunge lilitunga sheria ya kukamata meli za Kimarekani zinazokwenda bandari za Kifaransa. Serikali ya Rais John Adams ikatoa maagizo yaliyozidi sheria: zikamatwe zinazokwenda na zinazotoka. Kapteni George Little akaikamata Flying Fish, iliyokuwa ikitoka Jérémie, katika nchi iitwayo leo Haiti. Kumbe ilikuwa ya Wadenmaki. Mwaka 1804 Jaji Mkuu John Marshall alikiri kwamba mwanzoni moyo wake ulielekea kumsamehe nahodha, askari aliyetumwa tu. Mwishowe akaamua kinyume: Bunge likishachora mstari, amri ya rais haiwezi kuuvuka, na anayeitekeleza amri hiyo hapati kinga. Little alitakiwa kulipa. Sijui hukumu nyingine iliyolieleza jambo hili kwa uwazi kiasi hiki, na ina zaidi ya miaka 200.

Je, wajua kwamba Abraham Lincoln alisimama pande zote mbili za mabishano haya? Akiwa mbunge, Desemba 1847, alimtaka Rais James Polk aonyeshe mahali hasa damu ya Wamarekani ilipomwagwa hata vita na Meksiko vikaanza. Januari 1848 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 85 kwa 81 kutamka kwamba Polk alivianzisha bila ulazima na bila kufuata Katiba. Mwaka 1861 Lincoln huyohuyo, sasa rais, nchi ikipasuka vipande, alisitisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya jaji. Jaji Mkuu Roger Taney alisema ni Bunge pekee lenye uwezo huo. Lincoln hakutii. Bunge lilikuja kumpa ruhusa kwa sheria mwaka 1863.

Na mwaka 1866, Lincoln akiwa kaburini, Mahakama ya Juu ilimwokoa Lambdin Milligan wa Indiana, raia aliyehukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi. Ilisema raia hapelekwi mbele ya wanajeshi mahali ambapo mahakama za kawaida ziko wazi. Hukumu njema, lakini ilikuja bunduki zimeshanyamaza. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaunguruma, Mahakama hiyohiyo iliidhinisha kwa kura 6 kwa 3 kuhamishwa kwa watu wa asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi. Karibu watu 120,000 walifungiwa makambini, wengi wao raia wa kuzaliwa. Serikali iliomba radhi na kuwalipa walionusurika dola 20,000 kila mmoja kwa sheria ya mwaka 1988. Kwa hiyo anayedhani majaji peke yao watamlinda vitani, aisome hukumu ya 1944 kwanza.

Lakini zipo nyakati ambapo majaji hawakusubiri. Je, wajua kwamba Rais Harry Truman alinyang'anywa viwanda vya chuma katikati ya vita vya Korea? Tarehe 8 Aprili 1952, wafanyakazi wakikaribia kugoma, aliamuru serikali ivishike viwanda hivyo ili silaha zisikosekane. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu iliamua, 6 kwa 3, kwamba rais hana uwezo wa kutwaa mali ya watu bila sheria ya Bunge, vita au si vita. Majaji wote 9 walikuwa wameteuliwa na Truman au na Franklin Roosevelt, rais wa chama chake. Miongoni mwa 6 waliompinga alikuwemo Tom Clark, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wake. Truman alivirudisha viwanda siku ileile, na mgomo ukaanza.

Je, wajua kwamba Agosti 1964 Baraza la Wawakilishi lilimpa Lyndon Johnson ruhusa ya kutumia nguvu Vietnam kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga? Kwenye Seneti walikataa wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening. Ruhusa hiyo ilifutwa Januari 1971, na vita havikusimama. Kilichofunga mlango wa Marekani kupigana tena Indochina ni sheria ya 1973 iliyokataza kutumia fedha kwa mapigano huko baada ya tarehe 15 Agosti mwaka huo.

Novemba 1973 ikaja Sheria ya Mamlaka ya Vita: rais sharti aliarifu Bunge ndani ya saa 48, na bila idhini majeshi yatoke baada ya siku 60, pamoja na 30 za kuondokea. Richard Nixon aliipigia kura ya turufu. Bunge likamshinda, 284 kwa 135 kwenye Baraza la Wawakilishi na 75 kwa 18 kwenye Seneti. Hata hivyo hukumu ya mwaka 1983, katika kesi ya mambo ya uhamiaji, iliidhoofisha: azimio la Bunge la kumzuia rais sasa lazima lipite mezani kwake, naye anaweza kulikataa. Ndivyo alivyofanya Donald Trump mwaka 2019 kuhusu vita vya Yemeni. Seneti ilipata kura 53 za kumpinga, zikitakiwa theluthi mbili. Bunge lililopewa uamuzi wa vita leo linahitaji theluthi mbili kuvisimamisha. Huo ni mpango uliopinduliwa miguu juu.

Je, wajua kwamba milipuko kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 ilifika katika mabishano haya? Siku 13 baadaye, akijibu, Rais Bill Clinton alirusha makombora Afghanistan na Sudan bila kura ya Bunge. Moja ya shabaha ilikuwa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Mwenye kiwanda alishtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa mjini Washington ilisema hilo ni suala la kisiasa, si la majaji.

Je, wajua kwamba Somalia nako mkoba, yaani fedha zilizo mikononi mwa Bunge, ulifanya kazi yake? Baada ya mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, yaliyoua askari 18 wa Marekani na mamia ya Wasomali, Bunge lilikata fedha za operesheni hiyo kuanzia tarehe 31 Machi 1994. Majeshi yakaondoka. Kati ya hatamu zote, naona hii ndiyo inayoshika kweli: askari asiye na mafuta, chakula wala mshahara hapigani.

Na kwetu je? Kenya, ibara ya 132 inamtaka rais apate idhini ya Bunge kabla ya kutangaza vita, na ibara ya 58 inaipa hali ya hatari siku 14 tu kabla ya Bunge kuirefusha. Uganda, ibara ya 124 inataka theluthi mbili ya wabunge wote; ikishindikana kuwapata mapema, rais awaendee ndani ya saa 72. Tanzania, ibara ya 44 inamruhusu rais kutangaza kwanza, kisha Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 liamue kuunga mkono au kutounga.

Msomaji, itafute ibara ya nchi yako uisome leo, wakati wa amani, kisha umuulize mbunge wako angepiga kura gani.