Pamba Katika Udongo wa Chumvi

Pamba huvumilia chumvi kuliko mimea mingi, lakini mche mchanga hauiwezi. Katika nchi ya Uzbekistan, ambako karibu nusu ya mashamba ya kumwagiliwa yana chumvi, wakulima hufurikisha shamba wakati wa baridi ili chumvi ishuke chini kabla ya kupanda mwezi wa Aprili. Walakini maji hayachagui: huichukua na naitrojeni pia. Basi mbolea hiyo yafaa itiwe baadaye, kidogo kidogo, miche ikikua. Nayo yenyewe ni jamii ya chumvi, ikizidi huunguza mizizi. Tena pasipo mitaro ya kutolea maji, maji ya chini ya ardhi hupanda, jua huyakausha, na chumvi hubaki juu. Maji yenyewe hutoka katika mito ileile iliyokuwa ikijaza Bahari ya Aral, ambayo tangu 1960 imekauka sehemu kubwa.